Mgomba Katikati ya Barabara

Nilipofungua macho, dunia ilikuwa juu chini na kitu baridi kinachoteleza kilikuwa kinatambaa kutoka kidevuni kuelekea machoni. Nikajiambia, Nyongesa, huo ni ubongo wako unatoka. Nikakionja kwa ncha ya ulimi. Yai. Lilikuwa yai tu. Mayai yote ya Mama Njoki, trei juu ya trei, tuliyoyapakia Kitale asubuhi kwa upole kama tunalaza watoto, yalikuwa yametumwagikia sisi watatu. Gari lilikuwa limelala chali ndani ya shamba la mahindi la mtu. Gurudumu moja la mbele halikuwepo, na hayo mengine yalikuwa bado yanazunguka polepole, kama gari halijaambiwa kwamba safari imeisha. Nyuma yangu Mama Njoki alikuwa analia kwa Kikuyu, anamwita Mungu, nami nikashukuru, maana anayelia yuko hai. Pembeni yangu alikuwa Fundi Khaemba. Khaemba hakuwa analia. Huyu ni mtu ambaye tangu nimjue sikuwahi kumwona amenyamaza, hata akitafuna alikuwa anaongea. Nikamwita, "Khaemba. Wewe Khaemba, acha mchezo bana." Ute wa yai ulikuwa unashuka usoni mwake na hakuupangusa. Hapo ndipo nilijua.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Njoki nyumbani kwake Kiminini. Nilienda na mkongojo wangu, nikapewa kiti cha plastiki ndani ya hema karibu na wazee wa kanisa. Sikuenda kutafuta maneno na mtu. Nilienda kumlilia mwanamke aliyenilisha. Lakini wakati wa hotuba wakamwita Diwani Makokha. Ni mzee sasa, na hayo mambo ya madiwani yaliisha kitambo, lakini watu bado wanamwita Mheshimiwa na yeye bado anaitika. Akashika maiki, akasema marehemu alikuwa rafiki yake wa karibu, kisha akasema, "Na hiyo barabara mama huyu alikuwa anapitia kupeleka mayai Bungoma, ndugu zangu, si ni mimi niliileta?" Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono. Emsii akaniona, akaniambia mbele ya watu wote, "Mzee wetu, muda umetuacha na chakula kiko tayari." Mimi bado sijafika miaka hamsini, lakini huu mguu unafanya watu waniite mzee. Nikashusha mkono. Nilisoma mpaka darasa la sita, na hata hilo la sita sikulimaliza vizuri. Lakini kuandika najua, na hapa hakuna emsii.

Mwaka ninaousema ni ule serikali mpya ilikuwa imeingia, watu wote wamejaa matumaini mpaka wageni wanasalimiana barabarani, na mikanda ya kufunga ndani ya magari bado haijaletwa na sheria. Mama Njoki alikuwa na duka la mayai Kitale, nyuma ya soko, na nyuma ya duka vyumba viwili vya mbao na mabati. Chumba kimoja alilala yeye na binti yake Njoki. Kingine kilikuwa stoo ya mayai, na humo ndani nililala mimi, katikati ya trei na magunia ya unga wa mbao, na mpaka leo nikinusa mbao iliyokatwa sasa hivi nasikia usingizi. Alikuwa amenunua gari aina ya steshen wagoni, kijani, zee, linakohoa asubuhi kama bibi kizee aliyekaa kwa moshi, kwa hivyo tukaliita Shosho. Alitaka dereva wa kupeleka mayai Bungoma. Vijana wengi walikuja na leseni mkononi. Yeye leseni hakuitazama. Alijaza uji kwenye bakuli mpaka ukingoni, akaketi nyuma, akaweka bakuli kwenye mapaja, akasema, "Haya, nizungushe mji." Tukapita mashimo yote ya Kitale, na ndani ya mji kulikuwa na mashimo, usiniambie. Tuliporudi leso yake ilikuwa imelowa mbele. Nikaona kazi imekwenda. Akajitazama, akacheka, akasema, "Wewe umenichoma kidogo kuliko wale wengine. Kula huo uliobaki." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi.

Khaemba alikuja na gari, si kwa kuajiriwa ila kwa kujiajiri. Alikuwa fundi pale nyuma ya kinu cha posho, mtu wa Chwele, mfupi, mpana, r ikimgeukia l akichangamka, mwenye majivuno ya kuuza na kubaki nayo. Alisema hakuna gari kati ya Suam na Bungoma ambalo halijawahi kulala mikononi mwake. Alisema yeye husikiliza gari kwa miguu. Hii haikuwa uongo. Alivua viatu, akakaa kiti cha mbele, akabandika nyayo kwenye bati la chini, akafumba macho. "Nenda," ananiambia. "Nenda tu. Hapo. Umesikia? Bush ya kulia inalia kama mtoto ya kuachishwa ziwa." Mimi sisikii kitu. "Hii gali inakuongelesha na wewe umekaa tu, Nyongesa. Wewe ni mgeni kwa gali yako." Tukirudi, anafungua, na bush ya kulia, ile raba ndogo ya kwenye vyuma vya gurudumu, imekwisha kweli, halafu anaongea juu ya hiyo bush mpaka chakula cha jioni.

Chakula chenyewe kilikuwa na sheria. Mayai yaliyopasuka njiani hayakuuzwa. Mama aliyamwaga kwenye sufuria, akaweka kitunguu na nyanya, na hayo ndiyo yalikuwa mboga yetu. Maana yake ni kwamba siku nilipoendesha vibaya tulishiba. Miezi ya kwanza tulinenepa sote. Mama alikoroga akinitazama kwa kona ya jicho, akisema, "Leo kijana yangu ametuandalia karamu," na Njoki, msichana wa shule, anafunika uso kwa daftari kwa kucheka. Nikaona aibu, nikajifunza. Nikajifunza kwamba hukanyagi breki ndani ya shimo, unakanyaga kabla, halafu unaachilia, maana gari linalofunga breki linainamisha pua na shimo linakula hiyo pua. Nikajifunza kwamba shimo lililojaa maji huwezi kujua kina chake, kwa hivyo unafuata alama za lori la mahindi, lori haliogopi mtu na limeshapima. Basi mboga ikaanza kupungua. Jioni moja Khaemba akatazama sahani yake, akaona mukimo mtupu, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, akaweka kijiko chini. "Mama," akasema, "huyu dereva yako sasa anatunyima chakula." "Kula mukimo, Fundi." "Mama, mimi ni Mubukusu. Hii kitu ni plasta. Hii watu wanapiga kwa ukuta." "Basi piga kwa tumbo," akamwambia, akamwongezea mwiko mwingine, naye akala wote.

Mama alikuwa na kaka yake, Bwana Njuguna, mfanyabiashara wa mahindi Moi's Bridge. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaketi, akanywa chai ya dada yake, akamdharau dada yake. Ukuta kati ya chumba cha Mama na stoo yangu ulikuwa bati moja, kwa hivyo nilisikia hata sauti ya kikombe kikiwekwa juu ya sahani. Mvua kubwa ilikuwa inakaribia. Njuguna akasema, "Uza hiyo gari sasa ikiwa inatembea. Barabara ya Kamukuywa itaila, utabaki na vyuma." Mama akasema gari halimdai chakula. Njuguna akasema, "Unajua ulikotoka? Ulikuwa unabeba trei kwa kichwa, unabembeleza makondakta wakubebe. Unataka kurudi huko?" Nikasikia sauti ya Mama, ndogo, si ile ya dukani. "Wee Njuguna. Ikivuka mvua ya mwaka huu, hutaniuliza tena juu ya hiyo gari. Isipovuka, kuja uichukue, na mimi nitarudi kwa kichwa." Nikalala chali nikitazama mabati. Nilielewa kwamba hakuwa anaongea juu ya gari peke yake. Shosho akianguka, mimi narudi kulima mashamba ya watu, na Khaemba anakosa mahali pa kuongea. Asubuhi nikamwambia Khaemba. Alinisikiliza bila kunikata, ambayo ilikuwa mara ya kwanza, kisha akasema, "Basi tuvalishe huyu bibi nguo ya vita."

Sijawahi kuona mtu akipenda kazi vile. Alitafuta drum la mafuta, akalipasua, akalinyoosha kwa nyundo siku nzima mpaka likawa bamba, akalifunga chini ya injini ili jiwe likitokea likutane na bamba kabla ya kufika kwenye sampu, lile bakuli la oili. Akakata vipande vya raba kutoka kwa tairi la trekta, akavichomeka katikati ya springi ili gari lisikae chini likibeba mzigo. Shosho akainuka kama mama aliyekunja leso kuvuka mto. Mama akaja kuona, akazunguka, akasema, "Fundi, sasa nitapandaje? Ni ngazi nitanunua?" "Mama, wewe panda tu, mimi nitakusukuma." "Unisukume wapi, wewe mtu?" Soko lote likacheka. Tairi tulipunguza pumzi kidogo. Trei za chini tuliwekea unga wa mbao, na juu ya unga wa mbao Mama akaweka blanketi lake mwenyewe, lile la kitandani, akalala na shuka msimu wote wa baridi. Kila jioni baada ya safari, Khaemba alilala chini ya gari, akipapasa bamba kwa kiganja, na kila mahali palipobonyea alitoa sauti: "Hii ingekuwa sampu. Hii pia ingekuwa sampu. Nyongesa, leo tungekuwa tumekufa mara nyingi sana."

Na mashimo tuliyapa majina. Hiyo ilitoka kwa Mama. Asubuhi tukinywa uji alikuwa na tabia ya kuuliza, "Leo mtapita wapi?" na ilikuwa vigumu kueleza, lile shimo la karibu na mti, lile la baada ya kanisa. Akasema, "Si kila shimo lina mwenyewe? Lipeni jina la mwenyewe." Basi lile refu jembamba la baada ya Kiminini, ambalo ukiingia hutoki, likaitwa Injinia, kwa sababu Injinia Wasilwa wa barabara alipita hapo kila wiki na gari la serikali, vioo vimefungwa. Yale madogo yaliyofuatana kama upele yakaitwa Tindi, jina la kontrakta aliyewahi kulipwa kuyaziba akaziba kwa udongo. Na lile kubwa kuliko yote, kwenye mteremko wa kuingia mtoni kabla ya Kamukuywa, mahali kalvati ilikuwa imevunjika chini kwa chini na maji yanapita tumboni mwa barabara, hilo tukaliita Diwani. Kwa sababu Diwani Makokha alisimama kando yake wakati wa kampeni, juu ya kiti, akaapa litazibwa kabla ya mahindi kukomaa. Mahindi yalikomaa, yakavunwa, yakapandwa mengine. "Diwani ameamkaje?" Mama anauliza tukirudi. "Diwani ameongeza tumbo." "Na Injinia?" "Injinia anasalimia." Njoki akaipeleka shule, shule ikaipeleka mji. Baada ya muda hata madereva wa malori walikuwa wanaulizana stendi, ati umevuka Diwani?

Sasa huko kwetu gari likiharibika barabarani dereva anakata matawi anayatandaza nyuma, ili anayekuja ajue kuna shida mbele. Khaemba akasema shimo hili halihitaji tawi, tawi linakauka, linapeperushwa. Siku moja tukitoka Bungoma gari ikiwa nyepesi, akaniambia nisimame, akashuka na chipukizi la mgomba alilopewa na mama yake Chwele, lenye mizizi na udongo wake, akalipanda katikati kabisa ya shimo, akalishindilia kwa mguu. Mama mmoja muuza miwa pale kando akamuuliza, "Mulembe, Papa. Unalima?" Akamjibu, "Mulembe, mama. Selikali imetupatia shamba." Tulicheka mpaka Kiminini. Lakini mgomba haukucheka, uliota. Matope yalikuwa mazuri, maji yanapita chini. Mvua ikaunyeshea, ukatoa jani, ukatoa jingine, majani mapana ya kijani yanapunga katikati ya barabara kuu, na kila dereva, hata mgeni, hata mlevi, aliuona kutoka juu ya mteremko akapunguza mwendo. Mvua yote ile hakuna gari lililoanguka pale. Nataka hiyo ieleweke. Mvua yote, na shimo lile ambalo lingemeza ng'ombe, hakuna hata mmoja aliyeanguka. Yule muuza miwa alikuwa anamwambia kila mtu, "Ndizi zikiiva ni za Diwani."

Diwani Makokha akasikia. Akaja dukani mwenyewe, suti ya kahawia, anaruka matope kama paka. Mimi nilikuwa napanga trei, Khaemba yuko chini ya gari miguu inaonekana. "Mama Njoki," akasema Makokha, "mimi nakuheshimu. Lakini nasikia watu wako wananiaibisha." "Nani, Mheshimiwa? Hawa?" "Kuna mmea barabarani." Mama akafuta mikono kwa aproni. "Mheshimiwa, mmea umeota. Mimi nitakataza mmea kuota?" "Kuna mgeni mkubwa anakuja kutoka Nairobi. Atapita hapo. Aone nini? Aone ndizi?" Kutoka chini ya gari sauti ikatoka, "Aone shimo, Mheshimiwa. Ziba shimo, ndizi tutang'oa sisi." Makokha akainama, akaona nyayo tu. "Huyo ni nani?" "Ni fundi," akasema Mama. "Ongea na yeye vizuri, ndiye anayejua mahali shimo liko." Mheshimiwa akaondoka bila kununua hata yai.

Baada ya hapo ghafla kukaja malori. Watu wa Tindi, koleo, pipa la lami linalofuka moshi. Tulipita kwenda Bungoma tukawaona, tuliporudi hatukuamini. Injinia amefunikwa. Tindi wamefunikwa. Na pale kwenye mteremko, mahali pa Diwani, barabara nyeusi, laini, inang'aa kama kiatu cha mkaguzi. Mgomba umetupwa mtaroni, mizizi juu. Muuza miwa akatuambia Diwani alikuja mwenyewe, akaunyooshea kofia, akasema toeni hii takataka. Na Injinia Wasilwa alikuwa amesimama hapo hapo, akatazama saa yake, akasema sawa, funikeni. Walimwaga udongo, wakamwaga lami nyembamba juu, wakaondoka. Hayo ya udongo yule mama alituambia, lakini siku hiyo nani alikuwa na masikio? Sisi tuliona lami. Tulisimamisha gari tukashuka. Khaemba akatembea juu yake bila viatu, akaruka, akapiga magoti akainusa. Nilimwona ana machozi, na hakuwa mtu wa machozi. "Nyongesa, balabala imekuja," akasema. "Imekuja kweli."

Siku ile hakuna yai lililopasuka. Mama alifungua trei moja moja, akainua blanketi, akatafuta. Hakuna. "Sasa tutakula nini?" akauliza, na sote tukaelewa kwa pamoja, tukacheka, akachinja kuku. Khaemba akapika ugali mwenyewe, akakataza mtu mwingine kugusa mwiko. Mama akaomba kabla ya kula, ombi refu, akashukuru kwa mvua iliyovukwa, akataja kila gurudumu. Njuguna alikuwepo, akala kimya, na alipomaliza alisema tu, "Haya. Gari ni yako." Ukimjua Njuguna, hiyo ni hotuba. Halafu Mama akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Barabara ya lami ikifika, unaheshimu, hauipitii na matambara. Akasema, "Fundi, muvue Shosho hizo nguo za vita. Amechoka, na mafuta inakunywa sana." Na Khaemba, mwenye kulipenda bamba lake kama mtoto, alilifungua kesho yake akiimba. Akatoa raba. Shosho akashuka, akawa gari la watu tena. Mama akampa Khaemba viatu vipya, vyeusi, vya kamba. "Za nini, Mama?" "Utaacha kunikalia gari na miguu chafu." Alivivaa hapo hapo. Hakuvivua tena.

Yule mgeni mkubwa alikuja na helikopta. Ilitua uwanja wa shule, ikaondoka. Barabara hakuikanyaga.

Mvua ya mwisho ya mwaka, ile ambayo watu husahau kuihesabu, ilirudi kwa nguvu. Ule mchana ilikuwa imenyesha na kuacha, jua limetoka, lami imelowa na inang'aa. Khaemba alikuwa anaenda kumsalimia mama yake Chwele, amekaa mbele na viatu vyake, anaongea juu ya harusi ya mtu. Mama, ambaye siku hiyo alikuja nasi, yuko nyuma na trei moja mapajani, maana hakuwahi kuziamini zote kwa blanketi. Tukaanza mteremko. Mbele lori la mahindi linapanda, limechukua upande wake. Sisi tuko upande wetu. Mbele yetu barabara nyeusi, laini, haina alama, haina jani, haina kitu. Nilikwenda mahali barabara ilinionyesha. Kulikuwa na sauti kama mlango unafungwa chini ya ardhi, na gurudumu la kushoto likashuka, likashuka tena, ile lami ilikuwa ngozi tu na chini yake maji yalikuwa yamekula udongo wote wa Tindi. Usukani ukanitoka mikononi. Khaemba alikuwa katikati ya neno. Sijui neno lenyewe lingekuwa nini.

Watu wameniuliza miaka hii yote kama bamba lingetuokoa. Sijui. Lile bamba lilitengenezwa na Khaemba kwa ajili ya shimo, na shimo ukiliona unaweza kushindana nalo, tulishindana nalo mwaka mzima tukala mayai na kucheka. Kile tulichoangukia hakikuwa shimo. Shimo tulikuwa tumeliwekea mgomba. Polisi waliandika kwamba dereva hakuwa makini. Nilisomewa hayo nikiwa kitandani Webuye, mguu umening'inizwa kwa kamba. Injinia Wasilwa alihamishwa akaenda kwingine akiwa na cheo kikubwa. Tindi alipewa kazi ya kuziba tena mahali pale pale, akaziba tena kwa udongo. Makokha alileta unga kwenye matanga ya Khaemba, akapigwa picha nao. Njuguna alikuja akachukua vyuma, na siku hiyo, Mama aliniambia, alilia kama mtoto, akasema hakutaka kushinda hivyo.

Mama mfupa wa bega ulivunjika, haukukaa vizuri tena, lakini alirudi kubeba trei, kwa kichwa, kama alivyosema. Alikuja kuniona hospitalini kila alipopata nafasi, na hakuja mikono mitupu. Alikaanga mayai kwa kitunguu na nyanya, akayafunga kwa majani ya ndizi, akanilisha kwa kijiko. Mara ya kwanza nilishindwa kumeza, nilikuwa bado naonja siku ile. Akangoja. Akasema, "Kula, kijana yangu. Haya hukuyavunja wewe. Haya nimevunja mimi mwenyewe." Nikala. Miaka yote hii, nikifika Kiminini, sahani ya kwanza ilikuwa hiyo, na sahani ya pili aliiweka mezani pembeni, hakuna mtu anaikalia, na mimi sikuuliza ni ya nani.

Siku ile ya mazishi ya Mama, watu wamekwenda kwenye chakula, Njoki alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Yeye sasa ni mama wa watu, mwalimu. Banda la kuku la mama yake lina mlango wa bati zito, limeota kutu, limejaa mabonyeo. Nililijua kabla sijaligusa. Nikapitisha kiganja kama alivyofanya Khaemba. Hii ingekuwa sampu. Hii pia. Njoki akasema, "Mama alisema ukija ulichukue." Vijana wakanisaidia kulifungua, na sasa liko hapa kwangu, limeegemea ukuta, naliona ninapoandika.

Kwa hivyo Mheshimiwa Makokha, makofi uliyopigiwa Kiminini ni yako, kaa nayo. Lakini Khaemba ana mama, bado yuko Chwele, mzee sana, masikio yake mazima, na ule mgomba ulitoka shambani kwake. Tangu siku ile hakuna mtu aliyemweleza. Mchukue Tindi, mtafute Wasilwa popote alipostaafu, mje wote watatu. Mimi nitangoja stendi ya Bungoma siku yoyote mtakayosema, nitawaonyesha njia. Mkifika mkae kwenye kiti atakachowapa, mnywe chai atakayowapa, halafu mmwambie yeye, sio mimi, sio emsii, mmwambie kwa midomo yenu: shimo mlikuwa mnalijua, alama ilikuwa imesimama, imeota, ina majani. Kwa nini mliing'oa?